Nafasi Mbili Kwenye Karatasi

Ofisi yetu ya Kibiti ilikuwa ndani ya ghala la zamani la chama cha ushirika. Korosho zilikwisha kuondoka humo miaka kadhaa kabla yetu, chama nacho kikafa, na wanunuzi binafsi walikuwa wakipima magunia barabarani kwa mizani zao wenyewe. Harufu ya maganda ilibaki ukutani, na mvua ikinyesha ilizidi. Kwenye pembe iliyokuwa kavu kuliko nyingine tuliweka meza, juu ya meza kompyuta, na juu ya kompyuta kanga kuukuu, kwa sababu vumbi la barabara ya Kusini lilipita chini ya mlango kama maji.

Mimi niliajiriwa kwa ajili ya mashine hiyo. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya kompyuta Dar es Salaam, enzi ambayo cheti cha namna hiyo bado kilimshangaza mtu. Kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Maduka ya Ikwiriri yalijaa sabuni za nje na redio za rangi rangi, mabasi ya watu binafsi yalishindana kwa honi, na neno mwekezaji lilitamkwa mikutanoni kwa sauti ya kushushwa kidogo, kama mtu anayetaja jina la mgonjwa mkubwa aliyelala chumba cha pili.

Mwekezaji wetu alitaka kufuga kambamiti kwenye mabwawa, huko deltani nilikozaliwa. Aliwekewa sharti moja, na sharti lenyewe lilikuwa zuri: mabwawa yachimbwe kwenye ardhi ambayo maji yake yamekwisha kuwa ya chumvi. Mashamba ya mpunga yenye maji baridi yasiguswe. Kazi ya ofisi yetu ilikuwa kupima maji ya kila shamba na kusema lipi ni lipi. Mpaka ulikuwa mbili. Gramu mbili za chumvi au zaidi katika lita moja ya maji, shamba ni la chumvi. Pungufu ya mbili, ni shamba la kilimo. Nani aliichagua mbili hiyo sikuwahi kuambiwa, na sikuuliza, maana kila mpaka lazima uwe mahali fulani.

Watu wa mbali hawaamini kwamba mpunga unaota karibu na mikoko. Unaota. Bahari inapanda mtoni mara mbili kwa siku, lakini mto ukiwa na nguvu unaizuia, na maji yanayopanda mpaka mashambani ni ya mto wenyewe, yaliyosukumwa nyuma. Mkulima anajenga tuta la udongo kuzunguka shamba na kuacha mlango mdogo. Anaufungua maji yakiwa baridi, anauziba yakianza kuwa na ladha. Mama yangu mdogo, aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, aliishi kwa mlango huo. Wakati wa mpunga alihamia shambani kabisa, akalala kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, akifukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Ada yangu ya mafunzo ilitoka kwenye shamba hilo. Sahani yangu ya wali pia.

Wapimaji walikwenda deltani na kifaa kidogo cha betri, wakarudi na namba. Mimi nikaandika programu ya kuzipanga. Siku niliyochapisha kwa mara ya kwanza, namba zilitoka hivi: 1.6000000000E+00. Ukurasa mzima namna hiyo. Mpimaji wetu mmoja, mtu wa Mloka, mwembamba na mwenye maneno, aliuchukua ule ukurasa akausogeza kwenye mwanga wa dirisha.

“Dada, maji haya yamepimwa na malaika? Sifuri zote hizi tunazipeleka wapi?”

“Subiri, sijamaliza.”

“Na hii E?” Akajijibu mwenyewe: “Ekari. Sisi kwetu Mloka tunahesabu tembo walioingia shambani, na tembo hana desimali. Akija, amekuja.”

Lugha ya programu tuliyofundishwa ilikuwa na tabia hiyo. Namba yenye desimali, usipoiambia itokeje, inatoka na kila ilichonacho. Dawa yake ni fupi. Baada ya jina la namba unaweka nukta pacha na idadi ya nafasi itakazochukua kwenye mstari, halafu nukta pacha nyingine na idadi ya tarakimu baada ya nukta. Niliandika writeln(chumvi:6:1), nikachapisha tena, na namba zikasimama safu moja, nukta chini ya nukta, kama watu kwenye swala. Shamba la mama mdogo lilikuwa 1.6. Nilisoma jina lake, nikasoma namba, nikakunywa chai yangu.

Jambo moja lieleweke mapema. Amri ile haigusi namba yenyewe. Ndani ya mashine chumvi ya shamba lile ilibaki moja nukta sita, na ingebaki hivyo hata ungeiambia mashine ionyeshe nini. Amri inahusu karatasi tu. Lakini hakuna mtu aliyekuwa anakwenda kuangalia ndani ya mashine. Watu wanaamua kwa karatasi.

Mkuu wa ofisi alikuwa mhandisi, mtu msafi, mwenye rula ya chuma kwenye mfuko wa shati. Hakuwa mkali. Aliniita dada, na siku za Ramadhani, ingawa yeye hakufunga, alikunywa maji yake nje nyuma ya ghala. Alilaza jedwali langu mezani, akaweka rula pembeni, akaonyesha kwa kidole safu ya mwisho. Watu wa mwekezaji walikuwa wameomba safu ya maoni, na maoni yenyewe yalikuwa mawili tu, “Halifai” au “Linafaa kwa mabwawa.” Mstari wa printa yetu ulichukua herufi themanini. Sentensi ya pili ilizidi kwa mbili. Kila palipoandikwa kwamba shamba linafaa, silabi ya mwisho ilianguka mstari wa chini, ikakaa peke yake upande wa kushoto: wa.

“Ukurasa mzima wa, wa, wa,” alisema. “Kama mtoto analia.”

“Nitafupisha maoni, bwana mkuu. Tuandike ‘Linafaa’ tu.”

“Hayo ni maneno yao. Hatuwaandikii upya maneno yao.” Akarudisha kidole nyuma, safu kwa safu, akasimama kwenye chumvi. “Hizi desimali. Nukta na tarakimu. Nafasi mbili hizo hapo. Ziondoe, jedwali litakaa.”

Nilimwambia itakavyokuwa. Mashine ikiambiwa ionyeshe namba bila desimali haikati tu, inakadiria kwenda namba nzima iliyo karibu. Moja nukta sita itaandikwa mbili. Na mbili ndiyo mpaka.

“Kwa hiyo?”

“Mashamba yatavuka mpaka bila maji yake kubadilika.”

Alicheka kwa upole. “Dada, nukta nne ya gramu. Nikikutilia kwenye glasi utaionja?”

Nilisema sitaionja. Na kweli, mtu haionji. Baadaye nilimjaribu hata mama mdogo kwa vikombe viwili, kimoja cha moja nukta sita na kimoja cha mbili, akasema vyote viwili ni maji. Lakini sharti halikuandikwa kwa ulimi, liliandikwa kwa namba, na nilimwambia hivyo. Nilipendekeza karatasi pana. Karatasi pana zilikuwa Dar es Salaam, na barabara ilikuwa imekatwa na matope mbele ya Bungu. Nilipendekeza kupunguza nafasi za majina ya wakulima. Alisema jina la mtu halikatwi. Desimali ya mtu ilikuwa inakatwa, lakini jina lake, hapana, lilikuwa na heshima.

Mchana ule nilitengeneza kile nilichodhani ni suluhisho. Niliiacha safu ya chumvi bila desimali kama alivyotaka, lakini uamuzi wa maoni nikauweka kwenye namba halisi, kabla ya kuonyeshwa. Programu ikague kwanza, ndipo ichapishe. Jedwali likatoka limekaa vizuri, hakuna silabi iliyoanguka. Shamba la mama mdogo liliandikwa 2, na mbele yake, Halifai. Nilipeleka.

Aliangalia kwa muda. Rula ikateremka mstari kwa mstari.

“Huyu ana mbili, linafaa. Huyu ana mbili, halifai. Huyu tena mbili, halifai.” Akaniinulia macho. “Unataka nikachekwe?”

“Mbili ya huyu ni moja nukta sita.”

“Iko wapi? Nionyeshe hapa. Hapa naona mbili.”

Jioni ile alimtuma mtu mwingine wa ofisi, aliyekuwa anajua kompyuta kidogo, arekebishe mstari ule ili maoni yafuate namba inayoonekana. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Nilimtazama akiifanya. Baada ya hapo nilifanya kitu ambacho hakuna aliyenituma: nilipitia jedwali lote nikitafuta upande wa pili. Nilitaka kujua kama kuna shamba la chumvi lililopona kwa bahati hiyo hiyo, ili angalau niseme kosa lilikwenda huku na huku. Hakuna. Mbili nukta tatu inakuwa mbili, na mbili bado imo ndani ya mpaka. Waliovuka wote walivuka kwa njia moja, kutoka kwenye mpunga kwenda kwenye mabwawa. Hawakuwa wengi. Karibu wote walikuwa wa kijiji kimoja, na kijiji hicho kilikuwa chetu.

Mkutano wa kijiji ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Tulifika kwa boti ya ofisi, mkuu amevaa viatu vya mpira juu ya soksi nyeupe. Wanaume waliketi mbele kwenye madawati yaliyotolewa darasani, wanawake nyuma kwenye mikeka, na wakata mikoko waliokuwa wametoka kazini walisimama pembeni na matope mpaka magotini. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye mwaka uliopita alikuwa amepinga mradi na mwaka huu alikuwa na koti jipya, alifungua kwa dua. Mkuu akasoma jedwali. Jina, namba, maoni. Jina, namba, maoni. Alisoma vizuri, bila kujikwaa, na jedwali lilimsaidia.

Alipofika kwa mama mdogo alisoma: “Mbili. Linafaa kwa mabwawa.”

Mama mdogo akainuka kwenye mkeka. “Mbili ya nini, baba?”

“Ya chumvi, mama.”

“Mbili pishi au mbili gunia? Maana mwaka jana nilivuna humo mpunga, sikuvuna chumvi. Au niliwalisha chumvi ninyi mliokuja kwenye maulidi? Semeni!”

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja akapaza sauti, “Wali ulikuwa mtamu, ila mchuzi!” Wakacheka zaidi. Mkuu naye alitabasamu, akasubiri watulie, akasema kipimo hakimwonei mtu.

Ndipo niliposimama. Nilisema mimi ndiye ninayeendesha mashine. Nikasema kipimo cha shamba lile ni moja nukta sita, na moja nukta sita haijafika mbili, na kwamba kuna mashamba mengine ya hali hiyo hiyo hapa kijijini. Nilisema kwa utaratibu, kama nilivyojizoeza ndani ya boti. Wakati nasema niliona mkuu akiikunja karatasi polepole. Hakukasirika. Alimgeukia mwenyekiti akauliza, kwa sauti ya kawaida iliyosikika mpaka nyuma:

“Huyu mama ni nani wake?”

Mwenyekiti alijikuna shingo. “Ni mama yake mdogo. Ndiye aliyemlea.”

Mkuu akaitikia kwa kichwa. Nilianza kutaja mashamba mengine, lakini mtu mmoja wa mstari wa mbele, jirani yetu, ambaye shamba lake lilikuwa na chumvi ya tatu na kitu na hakuna desimali ambayo ingemwokoa, alisimama akanigeukia.

“Kumbe desimali ni za ndugu tu! Sisi wengine za kwetu ziko wapi, binti? Umetusahaulia Kibiti?”

“Zako zipo, baba, lakini—”

“Zipo! Basi nipunguzie na mimi! Nitoe hiyo tatu, nitie nukta!”

Kicheko kile sijakisahau. Kilikuwa cha watu walioonewa, na walinicheka mimi. Hata wale ambao namba zao zilikuwa zimevushwa kama ya mama mdogo walicheka, kwa sababu kunitetea kungekuwa kujitaja kuwa jamaa zangu. Mwenyekiti akaniambia, “Binti, kaa,” na nikakaa. Mkuu akafungua karatasi, akaendelea na jina lililofuata.

Baadaye nilikwenda na mama mdogo shambani. Alipanda kwenye dungu kwanza, akanivuta mkono. Mpunga ulikuwa umefika kiunoni. Alikaa akichambua majani ya mchicha, halafu akauliza bila kuniangalia:

“Wale wapimaji walipokuja, walituambia tuwaletee maji kwenye chupa. Unajua mimi nilichota saa ngapi?”

“Saa ngapi?”

“Maji yalipokuwa yanajaa. Nilishuka mpaka karibu na mlango, nikangoja bahari yenyewe ianze kuingia.” Akatupa bua nje. “Na wenzangu wote hivyo hivyo. Tulidhani wanaleta visima.”

Nilielewa mara moja. Miaka michache nyuma mradi mwingine ulikuwa umepita deltani ukichimba visima, na uliwachimbia wale waliolalamika kwamba maji yao yana chumvi. Wasiolalamika walipitwa. Watu walijifunza kutokana na hilo: mtu wa ofisi akikuletea chupa, mpe maji mabaya kuliko yote uliyo nayo. Hakuna mkulima wa delta anayefungua mlango wa shamba wakati bahari inaingia. Lakini chupa haikuwa shamba.

“Ningechota yakipwa ingekuwa ngapi?”

“Pungufu ya moja, labda.”

“Na hapo wangeandika ngapi?”

“Moja. Au sifuri.”

“Sifuri,” alisema, na hiyo aliifurahia kidogo. “Nimejikaanga mwenyewe, basi.”

Nilimwambia hapana. Nilimwambia kwamba hata kwa maji yale mabaya, yaliyochotwa kwa hila na kwa tamaa ya kisima, shamba lake lilikuwa limepona. Kipimo kilisema limepona. Kilichomwangusha ni safu ya maoni iliyozidi herufi mbili. Nilijaribu kumweleza nafasi themanini za mstari, silabi iliyoanguka, rula. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kama anavyosikilizwa mgeni.

“Mwanangu,” alisema, “hilo usimweleze mtu mwingine. Watadhani umerogwa.”

Alivuna mpunga ule. Ulikuwa wa mwisho. Kiangazi walikuja vijana na vigingi vyenye rangi nyekundu, wakafuata jedwali kigingi kwa kigingi, na baada yao mashine ya kuchimba iliyoletwa juu ya tishari. Ilikata tuta la mama mdogo sehemu mbili ili kupitisha mfereji wa majaribio. Yeye alikuwa amesimama kwenye dungu, na dereva alimngojea ashuke, kisha akaling'oa dungu kwa upande wa ndoo ya chuma, taratibu, asivunje sufuria. Mkataba wangu ulipokwisha haukurudiwa. Sikuambiwa sababu, na karatasi ya kunishukuru iliandikwa vizuri, kila kitu ndani ya mstari.

Mabwawa hayakuchimbwa. Mwekezaji alipata shida zake huko alikotoka, au alipata mahali pazuri zaidi. Tulisikia yote mawili. Ghala la Kibiti lilifungwa, kisha likawa la mnunuzi wa ufuta. Mfereji ulibaki wazi. Bahari ilipanda na kushuka ndani ya shamba misimu miwili bila mtu wa kuufunga mlango, kwa sababu hapakuwa na mlango tena.

Mama mdogo alihamia Bungu kwa binamu yake, akawa anauza mihogo ya kuchemsha na korosho kwa abiria pale mabasi yanaposimama. Wali aliununua kwa kipimo dukani, na kila alipoupika alisema ni wa plastiki.

Baada ya misimu hiyo miwili, yule mpimaji wa Mloka alipata kazi ya miezi michache kwenye mradi wa mikoko, akiwa bado na kifaa chake cha betri. Nilimwomba twende naye mpaka shambani. Tulikwenda maji yakiwa yamepwa kabisa, saa ambayo mto ulikuwa na nguvu, saa nzuri kuliko zote. Mpunga haukuwepo. Palikuwa na majani magumu ya pwani na miche ya mikoko iliyojiotea yenyewe kwenye mstari wa tuta. Alichovya kifaa, akangoja, akakisoma, akakifuta kwa shati akachovya tena. Safari hii hakufanya mzaha.

“Mbili nukta moja,” alisema.

Tuliporudi Bungu nilimkuta mama mdogo ameinua sinia kwenye dirisha la basi la Lindi. Nilingoja basi liondoke. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Aliangalia matope kwenye miguu yangu.

“Ngapi?”

Nilimwambia.

Akapanga upya vipande vya mihogo vilivyobaki, akavifunika kwa mfuko wa nailoni dhidi ya vumbi.

“Haya,” alisema. “Nenda kamwambie mhandisi wako alikuwa sahihi.”